Jeki ya Mkwe

Gongoni, Tabora
14 Julai 1974

Dada Thuraya, shikamoo.

Sisi wazima, na wewe na shemeji Humaidi natumaini mko hivyo hivyo, basi salamu tumezimaliza. Nina shida.

Unaijua ile kerezo yangu, mashine ya kukerezea mbao niliyoiunda kwa miguu ya cherehani ya marehemu mke wangu Mwanamkuu. Unakanyaga, gurudumu linazunguka, mti nao unazunguka, wewe unashika patasi na kuuchonga mviringo. Sikuiunda kwa biashara. Wenzangu waliofunga maduka wanacheza karata barazani, mimi nakereza michi na mipini ya patasi, na hakuna aliyewahi kulalamika. Sasa nimepata kazi ya maana na mashine inanitia wazimu. Mti lazima ubanwe ncha zote mbili: huku ushikwe na meno yanayouzungusha, huku usukumwe na kitu cha kuukaba usichomoke. Hicho cha kuukaba ndicho sina. Nimejaribu kabari za mninga. Nimejaribu kamba ya katani. Nimejaribu kipande cha bomba. Juzi mti ulichomoka, ukapita dirishani, ukavunja mtungi wa Nassibu, balozi wetu wa nyumba kumi, naye yuko kando yake anakunywa kahawa. Alikuja na gae mkononi akaniuliza kama nimefungua kiwanda bila chama kujua.

Kwa hiyo nataka parafujo ya lile shinikizo la nta la baba, ambalo liko uani kwako tangu alipofariki. Chuma kile ni kinene na hesi zake ni pana, nitakitumia kutengeneza jiliwa la kuukaba mti hata uwe wa tembo. Mpe mtu wa treni aniletee.

Kazi yenyewe ni miguu minne ya meza. Harusi ni baada ya Idi, na nataka mwanangu Semeni aende kwa mumewe Igunga akiwa na meza yake. Kuhusu kitanda, usijipe homa. Fundi Masolwa alishamaliza fremu kabla operesheni ya vijiji haijamhamishia kwao yeye na vyombo vyake, na fremu iko stoo kwangu. Yaliyobaki ni matendegu tu, miguu yake minne. Nitapata fundi.

Nduguyo,
Hilali


Kaliua
26 Julai 1974

Hilali, marahaba.

Nimetoka kwenye foleni ya unga. Unga sikupata, nimepata barua yako.

Shinikizo la baba limeshika kutu. Kuku wanalala juu yake. Parafujo haizunguki hata ukiipiga nyundo, kwa hiyo isahau, utafute chuma kingine hapo Tabora penye karakana za reli na mafundi wa kila namna.

Sasa nije kwenye lililonikera. Umeandika neno matendegu kama mtu anayeandika habari za viazi. Tangu lini kwetu baba akataja matendegu ya kitanda cha bintiye? Kitanda cha bibi arusi ni kazi ya shangazi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa Masolwa, mimi ndiye niliyechagua mninga, na fremu imelala kwako kwa dharura tu, kwa vile Masolwa alipakiwa lorini asubuhi moja bila hata kuniaga. Nilikwambia uifunike turubai na usiitazame. Baba hakigusi kitanda cha mwanawe aliyeposwa, hakikalii, hata kukisogeza ukutani anamwita mtu. Hilo unalijua tangu una meno ya utoto.

Fundi uliyempata ni nani? Niandikie jina lake na mtaa wake.

Na nani kakuomba meza?

Dada yako,
Thuraya


Gongoni, Tabora
5 Agosti 1974

Dada, shikamoo tena.

Kutu si ugonjwa wa kufa. Unamwagia mafuta ya taa, unaacha, unamwagia tena, unapiga taratibu. Kama mafuta ya taa hakuna dukani, mwagia samli. Kama hutaki kumwaga chochote, wafukuze hao kuku, nitapanda treni nije nilifungue mwenyewe.

Sina raha, dada. Nimeng'oa parafujo ya mashine ya kusagia nyama, nikaifunga kwenye kipande cha mti wa mkurungu, nikasema alhamdulillahi, jiliwa limepatikana. Fupi. Ukiikaza mpaka mwisho mti bado unacheza. Nikaongezea kisahani cha chuma. Kikaruka. Sasa sina jiliwa na sina mashine ya nyama, na Semeni amenipikia maharage wiki nzima bila kulalamika, na hilo la kutolalamika ndilo linalonichoma zaidi. Anafagia maranda kila jioni, ananiuliza, "Meza inaendeleaje, Baba?" Namjibu inaendelea.

Fundi wa matendegu ni mtu mmoja wa Ng'ambo, humjui.

Miguu ya meza nimeshaikata kwenye mninga, kila mmoja dhiraa moja na kidogo. Iko minne hapa inanitazama. Parafujo, dada. Parafujo tu.

Hilali


Kaliua
18 Agosti 1974

Hilali,

Dhiraa moja ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kwenye meza ya kimo hicho anakula nani, paka?

Ulidhani mimi mtoto? Mninga wa kukereza, miguu minne, dhiraa moja na kidogo, na fundi asiye na jina. Huyo fundi wa Ng'ambo amevaa kofia yako na anatumia cherehani ya Mwanamkuu. Wewe ndiye unayechonga matendegu ya kitanda cha Semeni! Baba yake mzazi! Nimesoma barua yako nikakaa chini, Humaidi akadhani kuna msiba.

Hebu fikiri na wewe. Huyo Mfaume ni kijana wa watu, dereva, mchapakazi, ana haya mpaka basi. Siku akisikia kuwa kitanda chake amekichonga mkwewe, atakipanda vipi? Ataweka mkeka chini na kulala hapo mpaka azeeke. Na wajomba zake, akina Mayala, wale wana midomo. Itaimbwa kuanzia Igunga mpaka Nzega. Tafuta mtu mwingine. Tafuta yeyote. Hata akichonga vibaya.

Na kwa kuwa leo ni siku ya kusema kweli, na mimi niiseme yangu. Shinikizo la baba halipo uani. Mwezi wa tatu kulikuwa na mkutano wa kijiji, mtu akauliza nani bado ana mitambo ya binafsi, na kabla hata hawajageuza shingo kututazama sisi, Humaidi akanyanyua mkono akalitoa. Sasa liko kwenye banda la kijiji, nakwenda kukamua nta kwa zamu kama wenzangu. Kuku niliwasingizia. Nilijua utakasirika kwa kuwa ni kitu cha baba, na sikutaka kusikia kelele zako kwa maandishi.

Basi kasirika. Lakini acha hayo matendegu.

Thuraya


Gongoni, Tabora
30 Agosti 1974

Dada Thuraya,

Shinikizo nimesamehe. Baba mwenyewe alimnyang'anya mtu, nadhani.

La pili sitalisamehe haraka. Naam, ni matendegu. Nimechoka kuandika meza. Sasa nisikilize, kwa vile kwenye barua huwezi kunikatiza.

Mwanamkuu alipofariki, Semeni alikuwa hajamaliza kuota meno. Mlitaka kumchukua mwende naye Kaliua, nikakataa, mkasema mwanamume hawezi. Nilimsuka nywele mimi, kwa mikono hii, vibaya, mpaka watoto wenziwe wakamcheka kwenye chuo cha Kurani. Alipopata surua nililala chini kando ya kitanda chake. Viatu vyake vya kwanza vya mbao nilivichonga mimi. Sasa harusi imefika na kila mtu ana kazi yake. Wewe una kitanda. Mwanne ni somo yake, ndiye wa kumfunda, ana mambo yake huko ndani ambayo siruhusiwi hata kuyauliza. Majirani wana pilau. Mimi kazi yangu ni kukaa mkekani, kumpa Mfaume mkono na kusema nimekuozesha. Maneno machache kuliko ya kununua sukari. Nikishayasema, lori linaondoka na mwanangu.

Sitakikalia hicho kitanda. Sitakiona kikitandikwa, na chumba chake sitakanyaga maisha yangu. Nataka kitu kimoja tu: alale juu ya kitu nilichokisimamisha mimi. Mila imempa kila mtu sehemu yake, mimi imeninyima, na nimekasirika, dada. Nimekasirika sana.

Sikuombi ruhusa. Nilikuomba parafujo.

Hilali bin Hamoud


Gongoni, Tabora
6 Septemba 1974

Kijana wangu Mfaume,

Natumaini barabara haijakuchosha. Semeni hajambo.

Nina kazi ndogo ya mbao, natengeneza meza, na nahitaji kitu cha kuukaba mti kwenye mashine yangu. Nimekumbuka kuwa malori yenu ya pamba yana zile jeki fupi za parafujo. Ikilazwa ubavu inasukuma mbele badala ya kusukuma juu, na hicho ndicho ninachotafuta tangu Julai. Kama unayo, niazime kwa siku chache.

Ni kwa ajili ya meza.

Hilali bin Hamoud


Igunga
13 Septemba 1974

Baba mkwe, shikamoo.

Nimepokea barua yako kwa mikono miwili. Jeki nimempa kondakta wa basi la Tabora, imefungwa kwenye gunia pamoja na mchele kidogo wa huku. Uniwie radhi kwa grisi. Kichwa chake kina meno ya kuzuia lori lisiteleze, na jino moja limevunjika, liligonga ekseli wakati fulani. Lakini inabana vizuri mno.

Baba, naona haya kusema, lakini jeki ya lori ni hiyo moja. Spea hazipatikani siku hizi hata kwa kulia. Kama kazi ya meza itakuwa imekwisha kabla ya Idi, nitashukuru. Kama haijaisha, usijali, nitaendesha taratibu.

Mwanao mtarajiwa,
Mfaume


Kaliua
24 Septemba 1974

Hilali,

Ramadhani njema. Sikukujibu upesi kwa kuwa kila nikishika kalamu naanza kugomba, na mtu aliyefunga hagombi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko unavyostahili. Ile ya nywele ilinipata. Nakumbuka misuko ile ya Semeni, kila upande na njia yake. Nilicheka, halafu nikalia, Humaidi akadhani tena kuna msiba.

Haya. Chonga. Lakini kwa masharti yangu, na usiyajadili. Moja, watu wote wataambiwa matendegu ni ya Masolwa, aliyachonga kabla ya kuhamishwa. Masolwa yuko mbali, hatakanusha. Mbili, nikishafika Tabora, stoo ni yangu. Hutashika, hutasaidia kubeba, hutapita hata mlangoni kunusa. Mimi na Mwanne tutayafunga kwenye kanga na kuyapeleka, na kitanda kitaungwa Igunga, wewe ukiwa hapo hapo kwako. Tatu, wakwe wakijua, sikukujua na hukunijua.

Nakuletea nta safi, bonge zima, kwa mtu wa treni. Ipake kwenye mninga ukiwa bado na joto la patasi, halafu sugua kwa kitambaa. Nimeikamua mwenyewe kwenye shinikizo la baba, siku ya zamu yangu. Ukiulizwa, ni ya kupaka meza.

Thuraya


Gongoni, Tabora
9 Oktoba 1974

Dada yangu mpenzi, shikamoo, na nta imefika.

Limeshika! Sikiliza. Nimeilaza jeki niliyoazima kwa Mfaume ubavu juu ya ubao wa kerezo, nikaizungushia kabari mbili za mkurungu na chuma cha kitasa cha zamani kisha nikaipiga boliti nne mpaka chini. Jiliwa hilo! Na kuna kitu hata mimi sikukitegemea. Kichwa cha jeki kinazunguka chenyewe, kwa sababu kimeundwa kisilisokote lori wakati parafujo inapanda. Kwa hiyo meno yake yanauma ncha ya mti, yanazunguka nao, wala hayatelezi. Nilipoona hivyo nilipiga kelele, Nassibu akaja mbio, safari hii amebeba mtungi wake mpya kifuani asije akaupoteza.

Nakanyaga nimefunga, jasho linanitoka, usinikaripie. Mninga unatoka maranda marefu mekundu. Tendegu la kwanza limetoka na shingo nyembamba na tumbo, namna ya birika la kahawa. La pili na la tatu vile vile. La nne lilinisumbua kidogo kwenye ncha, nimelirekebisha. Nta yako imeyafanya yang'ae mpaka naona aibu kuyaweka sakafuni. Nimeyafunika turubai kama ulivyoamuru.

Jeki ningeirudisha wiki hii. Lakini nimefikiri. Nimemwambia Semeni meza, nimemwambia Mfaume meza, Nassibu anauliza meza. Mwezi wa Ramadhani huu, dada, nimekuwa mwongo mbele ya kila mtu. Kwa hiyo nimeamua kuchonga meza kweli. Miguu mirefu, ya meza ya watu. Nikimaliza, uongo wote utakuwa umelipwa. Jeki nitamkabidhi Mfaume mkononi siku ya harusi yenyewe.

Hilali


SIMU YA MAANDISHI
NZEGA, 25 OKTOBA 1974
KWA HILALI HAMOUD GONGONI TABORA

TAIRI LIMEPASUKA LUSU. TUMEKWAMA. JEKI HAIPO. MSIVUNJE SHUGHULI. SHIKAMOO BABA. MFAUME


Kaliua
4 Novemba 1974

Hilali,

Nimefika salama, mgongo unaniuma, koo limekauka, na nimesubiri niwe mbali nawe kwa safari nzima ya treni ndipo niyaseme haya, kwa sababu pale kwako ningekupiga na mwiko.

Bwana harusi amekwama porini siku ya ndoa yake kwa kuwa jeki yake ameishika mkwewe! Shekhe ameondoka, amerudi, ameondoka tena. Pilau imegandamana. Wanawake wamepiga vigelegele kwa kila basi lililopita barabarani mpaka sauti zikaisha. Alasiri imekaribia kutoka ndipo lori linaingia, na mtoto wa watu anashuka na kanzu nyeupe ina grisi mpaka kifuani. Kumbe walikata mti Lusu, wanaume wote wa msafara wakalinyanyua lori kwa mabega na bwana harusi akafunga tairi mwenyewe. Na alipokuona, alikusalimu kwa adabu kama si wewe uliyemkwamisha. Wewe ukakohoa.

Lakini mjomba wake Mayala si mtu wa kunyamaza. "Lori la kazi halikosi jeki. Jeki iko wapi?" Mfaume anatazama viatu. Wewe unatazama dari. Na Nassibu, Mungu amjalie, amechoka kukaa bila jukumu, anainuka na kusema, "Ninajua ilipo, iko stoo, twendeni niwaonyeshe." Hilali, nilikimbia! Umri huu nimekimbia uani na ushungi mkononi, na bado wanaume walinitangulia. Nikakuta wamesimama wameizunguka mashine yako, jeki imelala ubavu, na mdomoni imeuma mguu wa mninga uliokerezwa nusu. Mayala anauliza, "Hiki nini?" Nikasema hapa ndipo tulipofikia, jina la baba yetu limekwisha.

Halafu nikautazama vizuri. Mguu ulikuwa mrefu mpaka kiunoni.

Nikasema, "Mguu wa meza." Na haukuwa uongo. Mayala akaupima kwa mkono, akakuna kichwa, akasema, kweli, ni wa meza. Wakatoka. Ung'ang'anizi wako ndio ulioturudisha nyuma siku nzima, na huo huo ndio uliotuokoa, na sijui nikushukuru au nikufungie mlango.

Matendegu yamekwenda yamefungwa kwenye kanga ya Mwanamkuu, ile ya zambarau. Nimemwambia Semeni ni kazi ya Masolwa. Aliyapokea, akayanusa, akasema, "Masolwa anajua kazi." Basi.

Ulilia lori lilipoondoka. Uliwaambia watu ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha, Hilali.

Dada yako,
Thuraya


Igunga
1 Desemba 1974

Baba yangu, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nimezoea maji ya huku, watu wananipenda, na mchele ni mwingi. Mama mkwe anakusalimu. Jeki imerudi kwenye lori na inafanya kazi.

Baba, nina jambo naona haya kuliandika, ila sina wa kumwambia mwingine. Meza yangu inacheza. Mguu mmoja ni mfupi, unene wa kidole hivi. Mwanzoni tulidhani ni sakafu, kwa kuwa chumba ni cha udongo. Wiki iliyopita wakatia saruji, bado inacheza. Nimeweka kipande cha tofali, lakini kila ukigeuka inalia.

Mume wangu alitaka kumwita fundi wa hapa Igunga akate miguu mitatu iliyobaki ifuate ule mfupi. Akaifungua yote minne, akaipindua kuikagua. Mimi niko mlangoni nimebeba mchele, namtazama. Chini ya kila mguu, pale panapokanyaga sakafu, kuna alama ya duara yenye meno, na kwenye kila duara jino moja halipo. Baba, aliishika ile miguu muda mrefu sana. Akaweka kidole kwenye lile pengo. Nikajua amejua. Nikasema moyoni, leo atalala mkekani.

Alichofanya ni kuirudisha miguu mahali pake, mmoja mmoja, akakaza taratibu, akafuta mikono. Akasema, "Fundi wa hapa asije. Meza hii anaigusa aliyeitengeneza, au haiguswi." Halafu akatoka kwenda kuosha lori, na nikamsikia anapiga mluzi.

Shangazi Thuraya alinisisitizia ni Masolwa. Sikumbishia, yeye ni mkubwa. Lakini mimi ndiye niliyefagia maranda yale tangu Julai, Baba. Masolwa hakuwahi kunifanya nile maharage wiki nzima.

Nalala vizuri. Nilitaka ulijue hilo, hata kama inacheza.

Mwanao,
Semeni


Gongoni, Tabora
10 Desemba 1974

Semeni mwanangu,

Nimepata barua yako kuhusu meza. Nilijua! Ule mguu wa nne ulipasuka ncha nikaukata, nikaubana tena, nikajidanganya kuwa haitaonekana, na tangu mlipoondoka silali kwa ajili yake. Kutwa nakaa na kidole kimoja cha mbao kichwani, niko Tabora, mguu uko Igunga, kwenye chumba ambacho siwezi kukanyaga. Nimemwuliza hata Nassibu, kwa kuzunguka, mtu afanye nini katika hali hiyo. Alisema nipeleke suala kwenye chama.

Usimruhusu mtu kukata hiyo mitatu. Mizima ikikatwa ili imfuate mgonjwa, nitakuja huko kwa miguu. Lala juu ya tofali kwanza. Ufungue ule mfupi peke yake, uufunge kwenye kanga ileile ya mama yako, umpe kondakta wa basi. Nitauongezea kiatu cha mninga chini, nikiunge kwa gundi na vijiti, nikikereze upya mpaka usione kiungio, niupake nta ya shangazi yako, na nitaurudisha kabla ya mwezi kwisha. Pima pengo kwa kamba, usipime kwa macho. Macho yako umeyarithi kwangu.

Mwambie Mfaume namshukuru. Usimwambie kwa nini, anajua.

Halafu mwambie aniazime jeki tena, siku ambayo lori halisafiri. Mwambie ni kwa ajili ya meza.

Baba yako,
Hilali